Pombe, Tumbo na Lawama: Somo la Historia kutoka Busisi

Tangu tarehe 19 Juni 2025, msafiri anayetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita hana tena sababu ya kusimama Kigongo. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, linamvusha hadi Busisi kwa dakika chache. Sisi tuliokulia upande wa Busisi tunakijua kilichokwisha siku ile: foleni ya malori, samaki wa kukaanga kwenye mabeseni, mama lishe waliowafahamu madereva kwa majina, na vibanda ambamo mtu aliweza kungoja kivuko akiwa na chupa mkononi. Yameandikwa mengi kuhusu daraja hilo na uchumi wa Kanda ya Ziwa. Mimi limenirudisha kwenye kifo kimoja.

Mwaka 1998 baba yangu mdogo alianza kutapika damu usiku. Alikuwa mvuvi. Tulimpakia kwenye gari la jirani tukamfikisha ukingoni, lakini kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili, na ng'ambo hiyo hiyo ndiko kulikokuwa na hospitali kubwa. Alifariki kabla ya mapambazuko, kichwa chake kikiwa mapajani mwa shangazi. Msibani, mzee aliyepewa nafasi ya kusema alitutazama vijana, akasema kwamba sasa tumeona mwisho wa gongo. Watu waliitikia kwa vichwa. Nami niliitikia, ingawa nilijua kwamba baba mdogo alikuwa ameacha kunywa zaidi ya miaka miwili kabla, na kwamba tumbo lake lilikuwa limevimba upande wa kushoto tangu nikiwa mtoto.

Hakuna daktari aliyempima, kwa hiyo siwezi kusema kwa hakika kilichomuua. Ninachoweza kufanya, kama mwalimu wa historia, ni kuuliza jinsi hukumu ile ilivyopatikana kwa wepesi kiasi hicho. Hoja yangu ni hii: kwa zaidi ya miaka mia moja, watawala wa nchi hii wameijadili pombe kama suala la amani, la nguvukazi, la maadili na la mapato. Ni mara chache sana wameijadili kama suala la tumbo na ini. Matokeo yake ni kwamba madhara halisi ya pombe mwilini hatuyafahamu vizuri, na wakati huohuo tunaibebesha pombe vifo ambavyo si vyake peke yake.

Pombe ya nafaka

John Hanning Speke alipofika Mwanza mwezi Agosti 1858 na kulipa ziwa hili jina la malkia wake, alikuwa amekwisha kupita katika nchi ambazo pombe ilikuwa sehemu ya chakula, mahari, matambiko na kazi. Pombe hiyo ilitokana na mtama, uwele au ulezi. Nafaka iliroweshwa hadi ikaota, ikakaushwa, ikasagwa, ikachemshwa, kisha ikaachwa ichachuke kwa siku kadhaa. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Kilichopatikana ni kinywaji kizito, chenye machicha, na chenye kilevi cha asilimia chache tu.

Tusiipambe zama hiyo. Wazee walilewa, wanawake walipigwa, ugomvi ulizuka vilabuni. Lakini pombe ya nafaka ilikuwa na mipaka mitatu isiyohitaji askari. Mpaka wa kwanza ni ghala: mwaka wa njaa, nafaka ililiwa na haikupikwa pombe. Wa pili ni muda: pombe ile iliharibika ndani ya siku chache, hivyo haikuweza kuwekwa wala kusafirishwa mbali. Wa tatu ni tumbo lenyewe: mnywaji alishiba kabla hajafikisha kiasi kikubwa cha kilevi katika damu. Watu waliolima pamoja kwa ujima walikunywa baada ya palizi au mavuno, kisha vyungu vikakauka hadi msimu mwingine. Kwa ini la binadamu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu ini lina uwezo wa kujikarabati likipewa muda wa kupumzika.

Sheria isiyolijua ini

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kwa sababu ya biashara ya watumwa, lakini ulikuwa pia na sehemu iliyohusu pombe kali. Katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, mataifa hayo yalikubaliana kuzuia au kuwekea ushuru mkubwa vileo vilivyokenekwa. Mwanza, ambako Wajerumani walijenga kituo chao katika miaka hiyo hiyo ya 1890, ilikuwa katikati kabisa ya eneo hilo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ulirudia mwelekeo huohuo, na hati ya udhamini iliyoikabidhi Tanganyika kwa Uingereza mwaka 1922 ikamtaka mdhamini adhibiti kwa ukali uuzaji wa pombe kali. Hati hiyo iliitaja pombe katika kifungu kimoja na silaha na baruti.

Msomaji atazame ujirani huo wa pombe na baruti. Pombe iliogopwa kwa namna baruti ilivyoogopwa, yaani kama kitu kinachoweza kumfanya mtawaliwa asitawalike au asifike shambani Jumatatu asubuhi. Mzungu aliweza kunywa wiski klabuni, na Mwafrika aliyekutwa nayo akawa mhalifu. Ini la mmoja na ini la mwingine ni sawa, kwa hiyo sheria ya namna hiyo haiwezi kuitwa sheria ya afya. Ilikuwa sheria ya utawala iliyovaa joho la uungwana.

Pombe za kienyeji nazo zilitungiwa taratibu za leseni: ipikwe wapi, iuzwe saa ngapi, klabu kifungwe lini, ada ilipwe kwa nani. Wamisionari walikuwa na misimamo yao. Kusini mwa Mwanza, huko Bukumbi, Mapadri Weupe walifika mwaka 1883, nao hawakuifanya pombe yenyewe kuwa dhambi. Makanisa ya Kiprotestanti yaliyofuata, kama Africa Inland Mission iliyochukua kituo cha Nassa mwaka 1909 na Waadventista, yalimtaka muumini aiache kabisa. Hapo ndipo lugha yetu ya leo juu ya pombe ilipozaliwa. Serikali ilisema "fujo", kanisa likasema "dhambi", na hapakuwa na sauti ya tatu ya kusema "ini".

Marufuku hayakuua pombe kali, bali yaliibadilisha makazi. Maarifa ya kukeneka yalienea vijijini, na pipa, bomba na maji baridi ya ziwa yakatosha kuzaa gongo. Mihogo, ambayo Sengerema haikosi, na sukari vilichukua nafasi ya mtama. Gongo haiharibiki kwa siku chache, haimshibishi mnywaji, huhamishika kwenye dumu dogo, na kilevi chake huweza kufika asilimia 40. Kwa maneno mengine, mipaka yote mitatu ya pombe ya nafaka iliondoka kwa mkupuo mmoja. Na kwa kuwa ilitengenezwa kwa kujificha, hapakuwa na wa kuipima.

Uhuru na chupa

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi mbele ya chupa, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini namna ya kufikiri haikubadilika sana. Sheria ya Moshi ya 1966 ilikataza kutengeneza pombe ya kukeneka bila leseni. Jirani zetu Uganda walikuwa wamefanya jambo linalofanana kwa Sheria ya Enguli ya 1965. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo, iliyoshughulika zaidi na leseni, saa na mahali. Kabla ya hapo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilikuwa imechukua hisa nyingi katika Kampuni ya Bia Tanzania, na kampuni hiyo ilibaki chini ya umma hadi wawekezaji kutoka Afrika Kusini walipoingia mwaka 1993.

Tafakari basi hali ya mwanamke wa Busisi katika miaka ya 1970 na 1980. Akipika gongo ili kulipia sare za mtoto, mgambo wanamwaga pipa lake na kumpeleka kituoni. Dola hiyohiyo ni mmiliki wa kiwanda cha bia, na bajeti yake kila mwaka hutazamia ushuru wa vileo. Sisemi kwamba gongo na bia ni kitu kimoja. Gongo isiyopimwa inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mwezi Novemba 2000, katika vitongoji vya Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 kwa namna hiyo. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini mwananchi aliyeona kwamba pombe ya kificho inakamatwa na pombe ya kiwandani inatangazwa redioni alijifunza somo la uongo: kwamba kinachodhuru ni uharamu, na kwamba chupa yenye lebo ni salama kwa tumbo.

Fedha ya sangara

Kisha likaja wimbi la sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akatamalaki katika miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimesimama Mwanza vikiuza Ulaya. Mwaloni, fedha taslimu ilianza kupatikana kila siku. Mkulima wa pamba hulipwa kwa msimu, lakini mvuvi hulipwa asubuhi na hajui kama atalipwa kesho. Hulala ziwani kwa baridi, hurudi alfajiri, na mara nyingi yuko mbali na mke na watoto. Ulevi wa mialoni umechorwa na mpangilio huo wa kazi kuliko na tabia za watu.

Baadaye viliingia viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vyenye pombe kali. Viliingia mfukoni mwa shati, viliuzwa kwa bei ya mtoto wa shule, na vilinywewa bila chakula wala mazungumzo. Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kupigwa marufuku kwa viroba, na marufuku hayo yakaanza tarehe 1 Machi mwaka huo. Niliyaunga mkono na bado nayaunga mkono. Hata hivyo, utekelezaji wake ulisimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais, yenye dhamana ya mazingira. Kwa mara nyingine tulizungumza juu ya vijana, uchafu wa plastiki na kodi. Vifuko vilitoweka barabarani, lakini maelezo ya nini kileo hicho hufanya baada ya kupita kooni hayakutolewa kwa nguvu ileile.

Safari ya pombe tumboni

Naomba basi niyatoe hapa kwa ufupi, kwa kuwa historia ya pombe bila mwili ni historia pungufu.

Kileo huanza kazi mdomoni na kwenye umio, njia inayopitisha chakula kwenda tumboni. Pombe kali hubabua utando wa njia hiyo. Mwilini kilevi hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, kemikali inayojeruhi vinasaba vya seli. Ndiyo maana mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliviweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki ni moja ya maeneo yanayoumia nayo zaidi duniani, imo katika orodha hiyo, pamoja na ya mdomo, ya koo, ya ini na ya utumbo mpana. Mwaka 2023 WHO ilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuthibitishwa kuwa salama kabisa kwa afya.

Tumboni, pombe huwasha ukuta wa ndani, na mnywaji husikia kiungulia, kichefuchefu, wakati mwingine hutapika. Hapa pana kosa letu la kawaida. Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na madaktari wa Australia Barry Marshall na Robin Warren mwanzoni mwa miaka ya 1980, na pia na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Pombe huchochea maumivu na kuchelewesha kupona, lakini mgonjwa aliyeacha pombe bila kutibiwa bakteria huyo anaweza kubaki na kidonda chake. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, ambalo unywaji mwingi huweza kuliunguza ghafla kwa maumivu makali yanayochoma hadi mgongoni.

Sehemu kubwa ya kilevi hufyonzwa katika utumbo mwembamba, kisha damu hukipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini huondoa takribani gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa, wala kahawa, supu au kuoga hakuliharakishi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20, yaani kazi ya saa mbili au tatu. Glasi ya mililita 250 ya gongo yenye asilimia 40 ina karibu gramu 80, sawa na chupa nne za bia kwa mkupuo. Ini linalofanyishwa kazi hiyo kila siku hujaa mafuta kwanza. Hatua hiyo haina maumivu, na mtu akiacha kunywa linaweza kurudi katika hali yake. Akiendelea, linavimba, kisha linajaa makovu, na hatimaye linasinyaa. Macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa maji, akili inachanganyikiwa.

Hayo ni madhara ya pombe, nami siyapunguzi hata kidogo. Baadhi ya wenzangu niliosoma nao wamezikwa kwa sababu hizo.

Mgeni wa pili

Lakini katika ukingo wa ziwa hili ini lina mgeni mwingine. Naye ni kichocho cha tumbo, kinacholetwa na mnyoo uitwao Schistosoma mansoni. Konokono wa ziwani huachia viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayechota maji au anayevuta nyavu. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai kwa miaka. Mengine hutoka na choo, nayo yakifika ziwani yanaanza mzunguko upya. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama na kuacha makovu kandokando ya mishipa.

Yeyote aliyewahi kukwama Kigongo ataelewa kinachofuata. Kivuko kikiharibika, magari hayaachi kuja. Foleni hurefuka, kisha wenye haraka huingia katika njia za vijiji zisizojengwa kwa ajili ya malori. Ndivyo damu inavyofanya makovu yakiziba njia ya kuingia kwenye ini. Bandama, iliyoko upande wa kushoto, huvimba kwa damu iliyorudi nyuma. Mishipa midogo ya umio hubeba mzigo usio wake, ikatanuka, na siku moja ikapasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi, mara nyingi bila maumivu ya kumtahadharisha.

Pombe hufika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Kichocho huziba barabara, wakati pombe huua seli za ini zenyewe na kulisinyaza lote. Mtu mwenye vyote viwili ana ini lililoshambuliwa kutoka pande mbili. Homa ya ini aina ya B huweza kuwa adui wa tatu, hasa kwa watu wazima, kwa kuwa chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu.

Maarifa haya hayakukosekana Mwanza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 mji huo ulikuwa na kituo cha utafiti wa tiba cha Afrika Mashariki, ambako wanasayansi kama Peter Jordan na Gerald Webbe walikichunguza kichocho kwa miaka mingi, na ambacho urithi wake umo leo katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha mapitio ya wagonjwa 240 waliovuja damu katika sehemu ya juu ya njia ya chakula, waliochunguzwa kwa kamera ya tumbo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na mishipa ya umio iliyotanuka, hali ambayo waandishi waliihusisha na wingi wa kichocho katika kanda hii. Vidonda vya tumbo vilikuwa karibu robo.

Niliposoma makala hiyo nilimkumbuka baba mdogo, uvimbe wake wa kushoto, na miaka yake ziwani kuanzia utotoni. Nikamkumbuka pia mzee aliyesema msibani. Hakuwa mtu mbaya. Alitumia maneno aliyorithi, ambayo serikali na kanisa viliyachonga kwa vizazi vitatu. Katika kijiji chetu mwanamume aliyetapika damu alisemwa kuwa mlevi, na mwanamke aliyevimba tumbo alisemwa kuwa amerogwa. Hukumu zote mbili zilifanya kazi moja: zilimwondolea kila mtu wajibu wa kuuliza zaidi.

Nini kifanyike

Lawama hii ina gharama inayoendelea kulipwa. Mvuvi anayejua kwamba ataitwa mlevi huficha damu aliyoiona chooni. Anayefika zahanati akinuka pombe huweza kuambiwa aache kunywa na kurudishwa nyumbani, bila kupimwa choo wala kushikwa bandama. Na mlevi halisi, anayehitaji msaada wa kuacha, hupewa mahubiri badala ya tiba.

Kwa watumishi wa umma nina ombi la kwanza. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni vidonge vinavyomezwa kwa siku moja. Kwa miaka mingi kampeni za kugawa dawa hiyo zililenga zaidi watoto wa shule. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba, katika maeneo yenye maambukizi mengi, kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili afikiwe. Mvuvi mwenye miaka 40 hayupo darasani, kwa hiyo dawa na imfuate mwaloni, pamoja na kipimo na chanjo ya homa ya ini B. Vyoo vya mialoni navyo viingie katika bajeti ya halmashauri kwa uzito uleule unaopewa ushuru wa samaki.

Kwa wanaharakati, ombi langu ni kwamba tuache kampeni zinazomfanya mama mpika gongo kuwa adui mkuu huku tukilikwepa swali la matangazo na bei ya pombe za viwandani. Tuseme ukweli wote: gongo ni hatari, bia nayo si dawa, na ini haliulizi leseni. Kwa wanafunzi wangu, naomba msikubali sababu ya kifo iliyotolewa msibani kama ushahidi wa kihistoria. Ulizeni marehemu alifanya kazi gani, alioga wapi, alikunywa nini na kwa miaka mingapi, na hospitali ilikuwa umbali gani.

Daraja limeondoa sababu moja iliyomzuia baba mdogo kuiona kesho yake. Mgonjwa anayetapika damu Busisi usiku wa leo anaweza kufika Bugando bila kungoja kivuko, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini daraja haliwezi kumvusha mtu ambaye jamaa zake wamekwisha kuamua kwamba ameyataka mwenyewe.

Mwaka huu nilikwenda kaburini kwake. Shangazi, ambaye sasa ni mzee sana, alinikaribisha, nami baada ya shikamoo nikamweleza habari za kichocho kwa Kisukuma changu kilichochakaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama dawa hiyo ipo, na kama wajukuu zake wanaovua wanaweza kuipata. Nilimjibu kwamba ipo. Swali la pili nimelileta hapa, kwa sababu jibu lake si langu peke yangu.